Chumvi Iyeyukapo Majini Huenda Wapi?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda jikoni mwake kila siku, wala halifikiri. Mama hutia chumvi katika sufuria ya maji, akakoroga, na mara chumvi haionekani tena. Mtoto aliyesimama karibu huuliza, "Mama, imekwenda wapi?" Mama hujibu, "Imeyeyuka." Jibu hilo ni la kweli, lakini halikumaliza swali, kwa maana kuyeyuka ni nini? Kitu kilichoonekana kwa macho kimeingia wapi hata kisionekane, na je, chaweza kurudi?

Msidhani kwamba swali la mtoto huyu ni la mchezo. Hapa Mwanza, na katika nchi yote ya Usukuma iliyo nyuma ya ziwa, wako watu ambao meno yao yaliharibika kwa sababu ya kitu kilichoyeyuka katika maji ya kisima. Nao walikinywa miaka mingi bila kukiona, wala kukinusa, wala kukionja. Nitafika kwenye habari hiyo baadaye. Kwanza hatuna budi kujua namna vitu vilivyofungwa pamoja, na namna maji yavifunguavyo.

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi nyingi hazikai peke yake, bali hushikana, nazo zina njia mbili kubwa za kushikana. Njia ya kwanza ni ya kutoa na kupokea. Chukueni chumvi yenyewe. Chumvi ya mezani ni vitu viwili, sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni madini laini, yawezayo kukatwa kwa kisu, nayo ikitupwa majini hulipuka kwa moto. Klorini peke yake ni hewa ya sumu. Katika mwaka 1915 ilitumiwa vitani huko Ulaya kuua askari. Lakini viwili hivi vikiungana tunapata kitu ambacho bila yake mboga hailiki. Huungana vipi? Atomi ya sodiamu ina vijichembe 11 viitwavyo elektroni, na kimoja kati yake kiko pembeni, hakikushikwa sana. Atomi ya klorini ina elektroni 17, nayo yapungukiwa na moja tu ili itulie. Basi sodiamu hutoa, na klorini hupokea. Baada ya hapo hazilingani tena: sodiamu ina nguvu ya umeme ya namna ya chanya, na klorini ya namna ya hasi, na nguvu hizo mbili huvutana. Atomi iliyo katika hali hiyo huitwa ioni. Ndani ya punje moja ya chumvi ioni hizo zimepangwa kwa safu, moja chanya, moja hasi, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi stadi.

Njia ya pili ni ya shirika. Atomi hazipeani, ila hutumia elektroni kwa pamoja, kama ndugu wenye ng'ombe mmoja wa shirika. Hivyo ndivyo yalivyo maji. Molekuli ya maji ni atomi moja ya oksijeni na atomi mbili za haidrojeni, zinazoshirikiana. Lakini ninyi mwajua mambo ya shirika: mara nyingi mwenye nguvu zaidi humvuta ng'ombe upande wa boma lake. Oksijeni ndiyo yenye nguvu, nayo huzivuta elektroni kwake. Kwa hiyo upande mmoja wa molekuli ya maji una hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una chanya kidogo. Udogo huo wa tofauti ndio uyapao maji uwezo wake wote wa kuyeyusha.

Sasa turudi kwenye sufuria ya mama. Fikirini meli inayotia nanga gatini Mwanza, nayo imejaa abiria. Mume na mke wanashuka wameshikana mikono. Mara wachukuzi wanawajia, huyu anamvuta mume huku, yule anamvuta mke kule, na kila mmoja amezungukwa na watu pande zote hata hawaonani tena. Hawakufa wala hawakupotea. Wametenganishwa tu, na kila mmoja yupo katikati ya kundi lake. Ndivyo maji yafanyavyo chumvi. Molekuli za maji huizunguka sodiamu kwa upande wao wa hasi, na kuizunguka klorini kwa upande wao wa chanya, zikazichukua moja moja kutoka ukutani mpaka ukuta wote umekwisha. Sukari nayo huyeyuka, lakini kwa namna nyingine: molekuli zake hubaki nzima, zikakumbatiwa na maji bila kuvunjwa. Mafuta hayana pande za chanya na hasi ambazo maji yaweza kuzishika. Kwa hiyo maji huyapita, na mafuta huelea juu peke yake.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti hii. Chukueni betri, nyaya mbili na taa ndogo ya tochi. Katika maji yaliyokolea chumvi taa yaweza kuwaka, maana ioni zina umeme nazo hutembea. Katika maji ya sukari haiwaki, hata mkitia sukari nyingi namna gani. Lakini tahadharini: fanyeni kwa betri tu, msitumie kamwe umeme wa ukutani.

Neno la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: kitu kilichoyeyuka hakikupotea. Ukiyachuja maji ya chumvi kwa kitambaa, hata kiwe kizito namna gani, chumvi itapita pamoja na maji, kwa kuwa ioni ni ndogo kama molekuli zenyewe za maji. Ukitaka kuirudisha, huna budi kuyafukuza maji. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuwako shule. Huko Uvinza, katika nchi ya Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chunguni. Na Wasukuma walisafiri kwa misafara mpaka Ziwa Eyasi kuchukua chumvi ambayo jua lilikuwa limeiacha ufukoni baada ya kuyakausha maji.

Hapo pana fumbo. Ziwa Eyasi ni la chumvi, na Ziwa Viktoria ni la maji matamu. Kwa nini, na jua ni lile lile? Sababu ni mlango. Mito yote huchukua chumvi kidogo kidogo kutoka mawe na udongo. Eyasi halina mto utokao. Maji huondoka kwa njia ya jua tu, na jua haliwezi kuinua chumvi, basi kila kilicholetwa hubaki. Ziwa letu hupata maji yake mengi kutoka mvua, ambayo haina chumvi ya kutajwa, tena lina mlango pale Jinja, ambapo mto Nile huchukua chumvi kidogo iliyomo na kwenda nayo kaskazini. Haya yakumbukeni: penye mvuke peke yake, kilichoyeyuka huzidi.

Neno la pili ni hili: si kila kifungo ambacho maji yaweza kukifungua. Maji gramu 100 huyeyusha chumvi ya mezani gramu 36 hivi. Lakini yatazameni makombe ya konokono yaliyotapakaa ufukoni, au chaki ya mwalimu, au mfupa uliotupwa jalalani. Vyalowa mwaka mzima wala haviishi. Katika vitu hivi imo kalsiamu. Atomi ya kalsiamu hutoa elektroni mbili, si moja kama sodiamu. Kwa hiyo mvuto wake ni mkubwa, na wenzi fulani ikiwashika haiwaachi kwa urahisi. Tena, ikiwa kalsiamu iko majini imezungukwa na wachukuzi wake, kisha akatokea mwenzi ambaye yampenda zaidi, hushikana naye hapo hapo, nao huanguka pamoja chini ya chombo kama unga mweupe.

Mambo haya mmekwisha kuyaona. Yako maji ya visima ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, bali hufanya utando mweupe ugandao nguoni. Twayaita maji magumu. Maana yake imo kalsiamu, nayo huishika sabuni na kuanguka nayo. Nguo hazianzi kutakata mpaka kalsiamu yote imekwisha kushikwa. Mpishi naye atiaye magadi katika maharage afanya kazi hiyo hiyo. Kalsiamu husaidia kuifanya ngozi ya haragwe kuwa ngumu. Magadi yana kaboneti, nayo huinyang'anya haragwe ile kalsiamu, na haragwe hulainika upesi. Mkitaka kuona kwa macho, yeyusheni magadi katika gilasi ya maji, yachujeni, kisha yamimineni katika maji magumu: maji mawili yaliyokuwa meupe kama kioo yatageuka kuwa kama tui.

Sasa nimefika penye habari niliyowaahidi. Zamani kidogo alinijia msichana aliyekuwa akisomea ualimu chuoni petu. Alikuwa hodari katika masomo, lakini kila alipocheka alifunika kinywa kwa kiganja. Meno yake yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, na mengine yamechimbika. Akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Napiga mswaki asubuhi na jioni tangu utoto wangu. Kwa nini watu husema ya kuwa mimi ni mchafu? Nami nitasimamaje mbele ya watoto kuwafundisha usafi?" Nikamwuliza habari za kwao. Kwao ni bara, mbali na ziwa. Walichota maji katika kisima kirefu, meupe, baridi, yasiyo na harufu. Na mama yake, kwa kuwa alisikia mafundisho ya shule na ya zahanati, aliyachemsha kila siku kwa bidii, tena kwa muda mrefu.

Wasikilizaji, niliona haya. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha ya kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama, wala sikuongeza neno. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na hapa kilikuwa kikombeni.

Kitu kilichomdhuru msichana yule huitwa floridi. Ni ioni ya florini, ndugu wa klorini. Imo katika mawe mengi ya nchi yetu, yakiwamo mawe ya granaiti kama haya yazungukayo mji wa Mwanza, na maji yakaayo muda mrefu chini ya ardhi huichukua kutoka humo. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga na Mwanza ni miongoni mwa mikoa yenye visima vya namna hiyo, ingawa si kila kisima kinayo nyingi. Kisima kimoja chaweza kuwa kizuri, na jirani yake kibaya.

Kwa nini visima vingine vinayo na vingine havina? Jibu liko katika vifungo vile vile nilivyoeleza. Lita moja ya maji yaweza kuyeyusha gramu 40 hivi za floridi iliyofungwa na sodiamu. Lakini floridi iliyofungwa na kalsiamu, lita moja haiyeyushi hata sehemu ya hamsini ya gramu moja. Floridi na kalsiamu zapendana mno. Palipo na kalsiamu nyingi, floridi hushikwa na kubaki mchangani. Palipo na sodiamu nyingi na kalsiamu haba, floridi huzurura majini bila mwenyewe. Kwa hiyo mara nyingi maji mabaya kwa floridi ni yale yale ambayo sabuni hutoa povu ndani yake vizuri, na watu huyasifu. Lakini msipime kwa sabuni, kwa kuwa hata maji ya ziwa ni laini, nayo yana floridi kidogo tu.

Sasa, floridi ikiingia mwilini hukutana na kalsiamu wapi? Katika meno na mifupa. Jino la mtoto lijengwapo ndani ya ufizi, floridi ikizidi huharibu kazi ya ujenzi, na jino hutoka lina madoa. Jambo hili hutokea miaka ya kwanza ya utoto, hadi umri wa miaka minane hivi; jino likiisha kukomaa halipati madoa hayo tena, na lililokwisha kupata madoa haliwezi kuoshwa kwa mswaki. Anayekunywa maji ya namna hiyo miaka mingi, tena yenye floridi nyingi sana, aweza kuharibika mifupa pia, viungo vikawa vigumu na miguu ikapinda. Floridi kidogo si adui. Hulinda meno yasioze. Kinachodhuru ni kuzidi. Shirika la Afya Duniani katika mwaka 1984 liliweka kiasi cha miligramu 1.5 katika lita moja. Huku kwetu katika mwaka 1974 kiasi cha muda kilichokubaliwa kilikuwa miligramu 8, kwa sababu ya shida ya maji, na baadaye kiliteremshwa. Miligramu 1.5 kwa lita ni kidogo sana: katika debe zima ni sehemu ndogo tu ya chumvi ishikwayo kwa ncha za vidole viwili.

Mwaona sasa kosa la mafundisho yangu ya zamani. Maji ya ziwa yana vijidudu vya kipindupindu na kuhara, navyo ni viumbe hai, moto huviua. Kuyachemsha ni wajibu, wala mtu yeyote asiache kwa sababu ya maneno yangu ya leo. Lakini floridi si kiumbe hai; haina uhai wa kuuawa. Moto huyafukuza maji, floridi hubaki, kama chumvi ya Uvinza ibakivyo chunguni. Na kadiri uchemshavyo zaidi, ndivyo izidivyo katika maji yaliyosalia. Mama yule kwa bidii yake na upendo wake alikuwa akimwongezea mtoto wake kile kile kilichomdhuru.

Basi tufanye nini? La kwanza, kisima kipimwe. Macho hayawezi, ulimi hauwezi. Viongozi wa kijiji na walimu wakuu na wapeleke chupa ya maji katika maabara ya maji ya Serikali hapa Mwanza au penginepo palipo karibu, hasa kabla ya watoto wadogo kuyazoea. La pili, kisima kikionekana kuwa kibaya, maji yake yatumike kufulia na kuogea, na ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine. Mvua ishukayo juu ya bati safi haina floridi ya kutajwa. Maji ya ziwa nayo ni mazuri kwa jambo hili, yakiisha kusafishwa. Tangu mwaka 2009 bomba kubwa litokalo Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, huyapeleka mpaka Shinyanga na Kahama. Penye maji haba, hata maji ya mtoto mchanga peke yake yakitengwa, faida ni kubwa, kwa kuwa meno yake ndiyo yanayojengwa sasa.

La tatu, tuangalie magadi. Magadi mengine yana floridi nyingi, na wataalamu wa meno katika nchi yetu wamekwisha kuona watoto wenye madoa mahali ambapo maji hayana lawama, kwa sababu ya magadi ya chakula. Heri kuloweka maharage usiku kucha kuliko kutia magadi katika chakula cha mtoto.

La nne ni dawa ambayo hunifurahisha mimi mwalimu kuliko zote. Ikiwa floridi yapenda mifupa, basi tuipe mifupa! Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa ustadi katika tanuru, kwa hewa haba, huwa makaa meusi; yakisagwa na kujazwa katika chombo, maji yapitapo ndani yake huiacha floridi humo, ikishikwa na kalsiamu ya mifupa kabla haijayafikia meno ya mtoto. Kazi hii imefanywa kwenye kituo cha Ngurdoto huko Arusha, na huko Nakuru katika nchi ya Kenya. Lakini msichome mifupa nyumbani kwa kubahatisha, maana isipochomwa sawasawa hutia maji harufu mbaya. Na makaa yakiisha kujaa floridi hayafai tena, huna budi kuyabadili.

Msichana yule nilimweleza haya yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakuna neno langu lililoweza kuyarudisha meno yake. Lakini alipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, siku ya kwanza aliandika ubaoni, "Chumvi iyeyukapo majini huenda wapi?" kisha akasimama mbele ya watoto, akawaonyesha meno yake bila kufunika kinywa, akawaambia kwamba si uchafu, ni maji.

Basi mtoto akikuuliza chumvi imekwenda wapi, usimwambie kwamba imekwisha. Mwambie, "Ipo, mwanangu, ila huioni."